Dakika ya Themanini

Mume wangu alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, dukani kwake, tupa ya kuchongea funguo ikiwa mkononi. Alikuwa fundi wa kufuli. Mwenye kufuli aliyokuwa akiitengeneza alikuja kuzika, na mpaka leo hajaiulizia. Iko kwenye droo.

Kwa miaka kumi na tisa tulikuwa na safari yetu ya wikiendi moja kila mwaka. Ijumaa basi, Jumamosi asubuhi ngome ya zamani, alasiri mpira, halafu supu, Jumapili nyumbani. Mpangaji alikuwa yeye, na sheria yake kubwa ilikuwa moja: uwanjani tunatoka dakika ya themanini, ili tufike kwenye supu kabla ya wale watu elfu ishirini. Kwa hiyo sikuwahi kuona mwisho wa mechi hata moja. Mabao mengine tuliyasikia tukiwa barabarani, kelele zikitupiga mgongoni. Nikilalamika ananiambia, "Bao halishibishi, mama."

Tiketi za mwaka huu alikwisha kuzinunua. Nilitaka kuzigawa. Wifi yangu, dada yake mkubwa, akazikuta mezani.

"Unampa nani?"

"Yeyote."

"Basi yeyote ni mimi. Twende."

"Wifi, wewe mpira huujui."

"Kwani wewe unaujua? Miaka yote hiyo hujaona dakika kumi za mwisho. Mwanafunzi gani huyo, kila mtihani anakimbia swali la mwisho?"

Nikakubali. Lakini moyoni nilikuwa nimeamua kwamba nakwenda mara hii tu, niiage ile safari, nisirudi tena. Sikumwambia.

Mlango wa ngome ni wa mbao nzito, umejaa misumari yenye vichwa vikubwa kama visosi. Hapo ndipo mume wangu alipokuwa akimpokonya mwongozaji wa wageni kazi yake ya kueleza, kila mwaka, nami nasogea pembeni nikijifanya simjui. Mwongozaji ni mwanamke mwembamba mwenye kofia pana. Aliponiona akapaza sauti:

"Dada! Na yule msumbufu wangu yuko wapi leo?"

Tangu mazishi, neno lile nilikuwa sijalitamka kwa kinywa changu. Wengine walinisemea. Nikamtazama wifi, yeye akatazama viatu vyake.

"Amefariki," nikasema. "Mwezi wa tatu."

Akavua kofia. Nyuma yetu wageni kumi na mmoja walikuwa wakisubiri kuingia, mmoja ananawa uso kwa maji ya chupa. Mwongozaji akanishika kiwiko.

"Basi leo wageni wataelezwa mlango na wewe."

"Mimi? Mimi sijui kitu."

"Miaka yote uliyosimama hapo, masikio uliyaacha nyumbani?"

Nikaanza kwa sauti ndogo. Nikawaambia kwamba tundu la ufunguo wanaloliona ni la uongo, limewekwa kumpotezea mwizi muda, na atakayeingiza ufunguo pale atazungusha mpaka achoke. La kweli limefichwa chini ya msumari wa tatu. Nikausukuma ule msumari kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya, ukasogea. Maneno yalikuwa yakija yenyewe, pamoja na yale ya mwisho: "Aliyetengeneza kufuli hii alikuwa mvivu kama mimi. Chuma kilimwishia, akaongeza akili."

Wakacheka palepale walipokuwa wakicheka watu wake.

"Hayo hayo ndiyo ninayowaambia wageni wote," mwongozaji akasema. "Kabla sijamsikia yeye, nilikuwa nasema huu ni mlango wa zamani, piteni ndani."

Nilisimama nikifikiri. Kumbe hata Jumanne ile, saa nne, pengine palikuwa na watu hapa wakicheka kwa maneno yake.

Uwanjani, dakika ya themanini ilipofika, miguu yangu ikasimama yenyewe. Wifi akanivuta gauni.

"Kaa."

"Supu itaisha."

"Na iishe."

Tukakaa. Katika dakika zile kumi mpira ulitoka nje mara sita, na beki mmoja alifunga kamba za kiatu taratibu kama anayekwenda harusini. Mwamuzi akapuliza kipenga. Sare, bila bao.

"Ndiyo hii tu?" wifi akauliza.

"Nadhani."

"Kumbe mdogo wangu alikuwa na akili!"

Tulicheka mpaka nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki. Foleni ya supu tuliikuta imepinda kona, na zamu yetu ilipofika sufuriani kulikuwa kumebaki mchuzi na mifupa. Tukala wima, kwa mkate.

"Huu mfupa una nyama kama simu yangu ilivyo na chaji," wifi akasema.

Nikamshukuru mume wangu kimoyomoyo kwa kila bakuli lililojaa, yote kumi na tisa. Halafu nikamwambia wifi ukweli, kwamba nilikuja kuaga.

"Nilijua. Tangu kwenye basi unaangalia vitu kama mtu anayehama nyumba." Akanimiminia nusu ya mchuzi wake. "Mimi sijashiba. Lazima turudi."

Nilimshukuru naye, kwa sauti. Akaniambia nile, mchuzi unapoa.

Tiketi za mwakani nimekwisha kununua, mbili. Tutatoka dakika ya themanini.