Mota kwa Kaka, Giaboksi kwa Mdogo

Mkokoteni ulishavuka geti, giaboksi imefungwa juu yake kwa kamba, na mdogo mtu anausukuma bila kugeuka. Mama yao alikaa juu ya matofali mabichi, ameshika tama.

"Mwanangu, hicho chuma utakila?" alimpazia sauti.

"Sikili, mama. Lakini na kaka hali," mdogo mtu akajibu, akizidi kusukuma.

Mimi nilikuwa fundi wao wa kupita tu. Sijawahi kukaa pahali nikazoea. Marehemu baba yao aliwaachia mashine moja ya kukandia udongo wa matofali, ikawalisha wote. Walipokorofishana wakagawana vyumba, wakagawana kalibu za kufyatulia, na mashine nayo wakaipasua: mmoja mota, mwingine giaboksi. Niliwasihi wasifanye hivyo. Wakanitazama kama mlevi.

"Mota ndiyo yenye nguvu," kaka mtu alisema. "Lile boksi kazi yake kupunguza mwendo. Ya nini kuupunguza? Sasa tutafyatua maradufu!"

"Bosi, mota inazunguka kama pia. Mapanga ya kukandia mle ndani ya pipa yanataka kwenda taratibu."

"Mzee, usinitie nuksi. Funga."

"Sifungi."

"Basi kale upepo."

Akaiunga mota mwenyewe moja kwa moja na mhimili wa mapanga, shafti kwa shafti. Mama akasogea mlangoni. "Baba, mfuate mdogo wako. Hajafika mbali."

"Aende akalale na boksi lake!"

Akawasha mota, pipa likiwa tupu. Mapanga yakavuma hata hayaonekani. "Umeona, mzee?" akacheka, akachota koleo la udongo, akatupia. Panga moja likanasa, likakatika, likaruka, likampasua mkono. Mota ikanguruma, ikatoa moshi, ikazima.

Nilimkimbilia mdogo mtu nikamkuta njia panda. Aliutupa mkokoteni palepale, akarudi akilia "kaka, kaka." Jioni tulipoufuata, mkokoteni ulikuwepo. Giaboksi haikuwepo.

Hospitalini kaka mtu alikatwa mkono juu ya kiwiko. Sasa anakaa ukweni. Mdogo mtu anachimba mchanga wa watu. Hawasemeshani tena, kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyeiua mashine. Pipa liliuzwa chuma chakavu. Mama alifariki mvua zilipoanza, wakamzika wamesimama kila mmoja upande wake wa kaburi. Mimi nilipata kazi kiwanda kingine, nacho kikafungwa.