Jibini Lililokatwa Pua

Tangu tuuze duka, mume wangu Firmin alikuwa hatoki nyumbani. Miezi minane. Mtu aliyeuza jibini miaka arobaini na moja katika mtaa mmoja wa Paris, anayejua kila mama anapenda lipi na analitaka limeiva kiasi gani, sasa alishinda dirishani na kandambili zake akigombana na njiwa. Nikimwambia twende sokoni, magoti yanamuuma. Twende kwa dada yake, kichwa. Niliogopa kweli, maana nilimwona anazimika taratibu na mimi sina dawa.

Mimi nilijitafutia shughuli. Niliomba kibali cha kunakili picha kwenye makumbusho ya sanaa. Wanakuazima kigoda na kiegemeo cha miguu mitatu cha kuwekea picha, unapaka rangi zako asubuhi mpaka saa saba na nusu mchana, na baada ya miezi mitatu unaondoka. Nakala yako lazima iwe ndogo kuliko picha yenyewe kwa sehemu moja ya tano, watu wasije wakauziwa mbuzi kwenye gunia. Halafu lazima ifanane. Siku ya mwisho mtu wa ofisi anaipima, anaikagua, anapiga muhuri nyuma. Bila muhuri haitoki mlangoni.

Nilichagua picha ya meza: jagi la bati, zabibu, mkate na kipande cha jibini. Miezi yote mitatu nilimbembeleza Firmin aje aione. Alinijibu kwamba makumbusho ni ya watalii na watu wanaokimbia mvua. Basi siku ya mwisho, Jumatatu, nikafanya ujanja. Niliacha miwani yangu mezani makusudi, kisha nikampigia simu kwamba bila miwani kazi yangu yote imeharibika. Akaja amenuna, koti kalivaa juu ya fulana ya kulalia.

Alinikabidhi miwani na kugeuka aende zake. Ndipo akaiona picha ukutani.

"Nani kakata hili jibini?" akauliza.

Nikamwambia ashushe sauti.

"Sishushi. Solange, hili jibini limekatwa pua."

Nikatazama, na kweli. Kipande cha namna ile kina ncha iliyotoka katikati ya jibini la duara, nayo ndiyo pua; hukatwa ubavuni, kutoka nchani hadi kwenye ganda, ili kila aliye mezani apate kidogo cha pale katikati palipolainika. Anayekata ncha amejichotea utamu wote, wenzake kawaachia ganda. Sisi utotoni tulichapwa vibao vya mikono kwa kosa hilo. Na mimi, mke wa muuza jibini, nilikuwa nimekaa miezi mitatu mbele ya utovu ule wa adabu, nikiunakili kwa bidii, kazi yangu kusifu mwanga na kivuli.

Firmin hakunyamaza. Walimu wastaafu kutoka Lyon walisogea kusikiliza, akawaonyesha kwa kiganja namna kisu kinavyopaswa kupita. Mlinzi alikuja kumtuliza, akaishia kumuuliza jibini la maziwa ya mbuzi likae wapi nyumbani. Firmin akamweleza kwa dakika kumi, na wale walimu wakawa wanaandika.

Walipoondoka akanigeukia. "Rekebisha."

Nikamweleza habari ya muhuri. Nakala ni nakala, nikibadilisha wataikataa.

"Kwa hiyo kila siku nile chakula changu natazamana na mlafi?"

Nilimtazama. Mashavu yamepata rangi, mikono haitulii, hata magoti kayasahau. Uso ule sikuwa nimeuona tangu tukabidhi funguo za duka. Nilikuwa naipenda picha yangu, na roho iliniuma kuihatarisha, lakini uso ule niliupenda zaidi. Nikachukua brashi.

Alisimama nyuma yangu kama fundi mkuu. Manjano kidogo hapa. Lainisha pale. Hapana, hilo sasa limeoza. Ilituchukua saa nzima, na pua ikarudi.

Saa saba na robo akafika Bi Tessier wa ofisini na futi yake. Akapima, akaridhika. Kisha akaangalia ukutani, akaangalia kwangu, akarudi ukutani.

"Bi Solange, jibini hili silo lile."

Nilifungua mdomo nikiri kosa, Firmin akaniwahi.

"Ni mimi nimelikata vizuri. Yeye kapaka rangi tu."

Bi Tessier akaisogelea picha ya ukutani mpaka nikadhani atainusa. Alisema amepita hapo miaka kumi na sita bila kuona, na kwamba bibi yake angemwinua mezani mtu wa hivyo. Halafu akaandika kwenye fomu, akisoma kwa sauti: "Inafanana. Imeizidi kwa adabu." Akapiga muhuri.

Firmin alikuwa amekwisha kusogea kwenye mlango wa chumba cha pili, anachungulia.

"Zipo picha nyingine za vyakula humu?"

"Vyumba vitatu," akajibu Bi Tessier.

"Kesho mnafungua saa ngapi?"

"Kesho Jumanne, tunafunga."

Nilianza kukusanya brashi zangu huku machozi yananitoka, wala sikuyaficha. Firmin hakuyaona. Alikuwa anajitazama kifuani, koti likiwa wazi.

"Basi Jumatano," akasema. "Na wewe unikumbushe nivae shati."