Tambara la Galatia

Theognosia alikuwa mlangoni akimenya njegere pumu ya bintiye iliporudi. Ilipanda mteremko kwa miguu, ikatua kidogo penye ukuta wa kanisa kwa kuwa mlima ni mkali, kisha ikampita mama mtu bila hodi. Nyumba iliijua. Jikoni Galatia akaanza kuvuta pumzi kwa filimbi, kama alipokuwa mtoto.

Theognosia alielewa mara moja kwamba matambara yamekatwa. Pale kijijini, mgonjwa hunawa maji ya kisima cha mtakatifu, Ayia Paraskevi, akachana kipande cha nguo yake na kukifunga kwenye mti ulioinamia kisima. Ugonjwa hubaki kwenye fundo, na fundo haliguswi. Hata Waturuki, walipokuwa bado wakiishi hapa Kipro ya kusini, kabla kisiwa hakijagawanywa wakahamia kaskazini, walifunga yao tawi moja na Wakristo.

Mkataji alikuwa Hampis, muhtari, yaani mkuu wa kijiji. Wageni wa hoteli walisema mti unafanana na jalala, naye akayapakia matambara kwenye lori, akayachoma. Mchana kutwa maradhi yalipita barabarani, kila moja likimtafuta mwenyewe. Ya Waturuki yalielekea kaskazini, na askari wa mpakani wakayainulia kizuizi.

Theognosia alimfuata Hampis nyumbani kwake, aproni kiunoni.

"Mwanangu hapumui, Hampis!"

"Shangazi, hayo mambo ya bibi zetu. Mpeleke kwa daktari. Kijiji lazima kipendeze."

"Kimpendeze nani? Hao wanaopiga picha wakaenda zao?"

"Kaa basi, unywe kahawa."

Kahawa ililetwa na Despo, binti wa Hampis, ambaye utotoni kifafa kilikuwa kikimwangusha hata kanisani. Sinia halikutikisika. Ndipo Theognosia alipoona chungu barazani, na ndani yake tawi la mti ule ule, limekatwa taratibu kwa msumeno, lina tambara moja la buluu. Fundo lilikuwa zima.

Kumbe alijua! Alijua vizuri, mwanaharamu yule, akaokoa la kwake kwanza ndipo akawasha moto.

"Na hilo?"

"Hilo ni la nyumbani, shangazi," Hampis akasema, akikoroga kahawa yake.

Theognosia alinyoosha mkono, vidole vikafika kwenye fundo.

"Nikuongezee sukari, bibi?" Despo aliuliza.

Mkono ukarudi. Theognosia akasema hapana, mwanangu, akatoka bila kumuaga baba mtu.

Kisimani palikuwa na uzio mpya na kibao cha kukataza kufunga chochote mtini. Alipenyeza mkono kwenye nyavu, akalowesha kipande alichokichana nyumbani kwenye kitambaa cha kichwa cha Galatia, akazunguka uzio mzima akitafuta tawi lililochomoza. Halikuwepo. Basi akakifunga kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, akakaza kwa meno.

Galatia akalala fofofo. Mama yake alikaa dirishani, mdomo wazi, akiitafuta pumzi.