Seli Mbili

"Mashine imesema sifuri," daktari alisema bila kuinua macho kwenye faili. "Mzee yuko salama. Aje tena baada ya miezi mitatu."

Mpima damu hakuondoka. Miaka ishirini na sita alikuwa ameinamia hadubini katika chumba cha mwisho wa korido, mpaka shingo ikapinda na wenzake wakambatiza jina la Korongo.

"Mashine imesema hivyo, daktari. Mimi nimeona seli mbili."

"Mbili kati ya ngapi?"

"Usiniulize. Nimezitafuta tangu asubuhi, hata chai sijanywa."

Mgonjwa alikuwa dereva wa treni mstaafu. Miaka miwili nyuma alikatwa kipande cha utumbo mpana chenye saratani, na tangu hapo damu yake ilikuwa ikichunguzwa, isije ikawa inabeba seli zilizochomoka kwenye uvimbe mwingine. Damu huchujwa, hutiwa rangi, hutandazwa kwenye kioo. Seli nyeupe za kawaida zilikuwa ndogo, zimetulia. Zile mbili zilikuwa kubwa kupita kiasi, zimegandana kama wezi wanaonong'ona. Mashine ilizidhania uchafu, ikazipita.

Daktari alikwenda, akatazama.

"Huenda si kitu," alisema mwishowe. "Nimwingize mzee wa watu kamera tumboni kwa ajili ya huenda?"

"Nikikosea, aibu ni yangu. Andika jina langu."

Akaandika.

Siku tatu Korongo alifanya kazi kama kawaida, ila kila jioni alizitazama tena zile mbili. Siku ya nne daktari alikuja mwenyewe badala ya kumtuma muuguzi. Karibu na kovu la zamani, kamera ilikuta kiuvimbe kisichozidi punje ya choroko. Kilikatwa, kikapimwa. Saratani, lakini changa.

"Umetushinda, dada," alisema. Korongo alifuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

Wiki chache baadaye mlango uligongwa. Wagonjwa hawakuwa na desturi ya kufika kule. Aliingia mzee mrefu, amekonda, shati limepigwa pasi likasimama.

"Wewe ndiye Korongo?"

"Ndimi, mzee wangu. Karibu."

"Nimeendesha treni miaka thelathini na minne. Taa nyekundu sikuipita hata moja." Akampa mkono. "Nimekuja kumwona mwenzangu."

Korongo alivuta kiti chake, ambacho hakuwahi kumwachia mtu, akamkalisha, kisha akaweka kioo chenye zile seli mbili chini ya hadubini.

Mzee aliinama. Akafumba jicho hili, akafumba lile.

"Mbona sioni kitu, binti yangu?"

"Usiwe na haraka. Tulia kwanza."

Mzee akatulia, na vidole vya Korongo vikaanza kuzungusha gurudumu la hadubini, polepole, unywele kwa unywele.