Wema wa Ghafla

Mumewe alikuwa anapiga pasi gauni lake. Fundi alisimama mlangoni, mswaki mdomoni, akamtazama kama mtu aliyemkuta mwizi jikoni kwake akiosha vyombo. Tangu waoane, mwanamume huyu hakuwahi kunyoosha hata leso yake mwenyewe, na kwa nini ahangaike, wakati mkewe ni mshonaji wa nguo na pasi haimtoki mkononi? Leo alikuwa ameliinamia pindo la gauni, ulimi nje, jasho kipajini, akilisugua pale pale mpaka kitambaa kikaanza kung'aa.

"Umeamka, mke wangu? Nimekuwekea maji ya moto bafuni."

Mke wangu! Siku zote alimwita "wewe", na akiwa amefurahi sana, "Fundi", kama wateja wanavyomwita.

"Nani kakuambia nini?" Fundi akauliza, povu la dawa likimtiririka kidevuni.

"Aniambie nini tena? Kumwekea mtu maji nako kosa?"

Fundi alikwenda bafuni akayakuta maji kweli, yana joto lile lile analolipenda, na taulo safi juu ya ndoo. Akakaa kwenye kigoda bila kujimwagia. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku ile alipokuwa anajipaka sabuni na kidole chake kikagonga kitu kigumu, cha mviringo, pembeni mwa titi la kushoto.

Fundi aliijua hii sauti ya asali. Alikuwa binti mdogo mama yake alipougua ugonjwa huo huo wa titi, na nyumba nzima ilijua isipokuwa mgonjwa. Mashangazi waliokuwa hawaishi kumsengenya mama wakaanza kumkanda miguu kwa zamu. Baba, aliyezoea kufoka mpaka majirani wakasikia, akaanza kunong'ona. "Jipu tu hilo, mama watoto. Litapasuka lenyewe." Asubuhi jipu, jioni jipu. Mama alifariki akipanga atafua nini akinyanyuka. Tangu hapo Fundi hakumwamini mtu aliyekuwa mwema kwa ghafla. Hata kibandani kwake, mteja akianza kumsifu kabla ya kuijaribu nguo, alijua pana jambo.

Na leo majambo yalikuwa mengi. Sebuleni alimkuta wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kwa kawaida hafiki hapo mpaka awe na kitu cha kulalamikia. Alikuwa amekaanga mayai.

"Kula, wifi yangu, kula yote. Na lile gauni la bluu ulilonishonea, jamani, kila nikilivaa watu wananiuliza fundi ni nani."

Lile gauni la bluu! Lile alilolirudisha mara tatu, akidai mabega yamekaa kama ya kuazima. Fundi alimeza yai moja kwa shida, akamtazama wifi, akamtazama mumewe, akawaona wanavyokwepana macho. Wanajua, akasema moyoni. Hawa wanajua, na mimi ndiye mgonjwa wa jipu.

Ushahidi alikuwa nao tangu juma lililopita. Daktari wa kike, kijana, alimpima kwa altrasaundi, akakunja uso, akasema picha haijajitosheleza, afadhali apigwe MRI ndipo wajue kama uvimbe ni wa kawaida au ni ule mbaya. Walipotoka, mumewe alisema anarudi mara moja kuuliza choo kiko wapi. Choo kilikuwa mbele yao, kibao kimeandikwa herufi kubwa. Alikawia huko ndani kwa daktari, na aliporudi alikuwa amefuta macho.

Leo, siku ya MRI, hospitalini alimwachia mumewe mkoba, akaingia peke yake. Mpiga picha alikuwa mwanamke mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alimpa joho la hospitali, akamwambia avue kila kitu cha chuma: pete, hereni, pini za nywele, sidiria. Mashine ile ni sumaku kubwa, alisema, haina mchezo na chuma.

"Una chuma chochote mwilini?"

"Sina."

Akaingia nyuma ya pazia kubadilisha. Joho lilikuwa limefumuka ubavuni, limeachia tundu la kupitisha ngumi. Nani huyu anashona hivi, akawaza, na mkono wake, bila kumwuliza, ukaenda kwenye gauni lake alilolitundika, ukachomoa pini moja katika zile anazozichomeka kifuani kila siku akiwa kazini, ukaufunga mfumuko ule vizuri kwa ndani. Mtu mwingine asingeiona. Akatoka ameridhika.

Mpiga picha alimpitishia mkono ubavuni kumkagua, akaruka.

"Mama! Hii ni nini?"

"Joho lilikuwa limefumuka."

"Limefumuka! Kwa hiyo ukaona ulitie chuma! Ungeingia na pini hii kule ikachomoka ikakuingia jichoni, ungesema nani kakutoboa? Nimekuuliza kwa Kiswahili, ukanijibu kwa Kiswahili, huna chuma!"

Fundi aliinamisha kichwa ili asimwonyeshe kwamba anatabasamu. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kumfokea siku hiyo, naye akampenda hapo hapo. Anayekufokea hivi hana kitu cha kukuficha.

"Wewe ni mshonaji?" mpiga picha akauliza, bado amekasirika. "Sindano ya cherehani haijawahi kukuvunjikia kidoleni?"

Iliwahi, zamani. Ilipita katikati ya ukucha, na Fundi siku zote aliamini kwamba kuna kipande kilichobaki humo ndani, maana baridi ikija kidole kinauma. Mpiga picha akashusha pumzi, akampeleka chumba cha pili kupigwa eksirei ya mkono. Picha ilitoka safi. Hakukuwa na kipande chochote.

"Una uhakika?" Fundi akauliza.

"Tazama mwenyewe."

Alitazama. Mifupa yake myembamba, na baina yake weusi mtupu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akikitunza kidole kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sabuni, alipata tumaini, na tumaini lenyewe likamtisha.

Alilazwa kifudifudi juu ya kitanda chembamba, matiti yakining'inia katika matundu mawili, uso ndani ya pete ya sponji. Mkononi alikuwa amechomekwa mrija.

"Katikati nitakupitishia dawa, utasikia baridi," alisema mpiga picha. "Dawa inafuata damu. Uvimbe usio na neno mara nyingi huinywa taratibu. Ule mbaya mara nyingi huifakamia haraka, na kuitema haraka. Ndiyo maana tunapiga picha tena na tena, daktari auone mwendo wake."

"Mara nyingi?"

"Mara nyingi. Mimi si mtabiri. Usitikisike."

Mashine ikaanza kugonga kama cherehani ambacho uzi umejisokota chini na mshonaji hataki kusimama. Baridi ya dawa ikapanda mkononi, ikafika begani. Kunywa taratibu, Fundi aliuambia ule uvimbe. Kunywa kama mtu mwenye adabu zake.

Alikaa barazani na mumewe mpaka mchana, daktari alipotokeza mlangoni na kuwatazama wote wawili.

"Mama, karibu. Tuingie na baba?"

"Titi ni la baba?" Fundi akasema. "Niambie mimi. Na usinilainishie."

Ndani, daktari aliigeuza skrini upande wake. Akamwonyesha ule uvimbe alioushika bafuni. Ulikuwa na kingo laini, mviringo kama kifungo, na dawa ilikuwa imeuingia polepole.

"Huu sina wasiwasi nao," alisema.

Fundi hakushusha pumzi. Macho yake yalikwishazoea kutafuta kasoro, na yalikuwa yameshaiona.

"Na huo mdogo?"

Daktari akauvuta karibu kwenye skrini. "Ndio nilikuwa nauendea."

Ulikuwa ndani kabisa, karibu na mbavu, kingo zake zimechanikachanika kama kitambaa kilichokatwa na mkasi butu. Mkono usingeufikia. Dawa iliuingia haraka, ikatoka haraka.

"Picha peke yake haitoshi kusema ni saratani," alisema daktari. "Lazima tuchukue kinyama kwa sindano, kipimwe. Lakini umesema nisikulainishie. Nina shaka nao, mama. Shaka kubwa."

Kwa hiyo ndivyo ukweli ulivyo, Fundi akawaza. Ameutafuta tangu utotoni, na sasa umewekwa mbele yake, haumpendi wala haumchukii. Alishika ukingo wa meza.

"Siku ile mume wangu alirudi humu ndani. Ulimwambia nini?"

"Sikuwa na la kumwambia, sikujua chochote. Alilia tu. Akauliza yeye afanye nini." Daktari akaona haya kidogo. "Nikamwambia basi, awe mwema kwako."

Alipotoka alikuwa ameshapanga maneno. Angeyasema yote, pale pale barazani, kavu kavu, nyumba yao isiwe ya majipu. Mumewe alisimama haraka, mkoba wa mkewe ameukumbatia kwa mikono miwili, shati amelifunga vifungo mshazari.

"Wamesemaje?"

Fundi akafungua mdomo.

"Hamna kitu, mume wangu," akasikia sauti ikisema, laini, ya chini, sauti ya mashangazi zake wote. "Kauvimbe tu, wala hakana neno. Twende nyumbani ukapumzike. Umechoka."

Mumewe akapumua mpaka mabega yakamshuka. Wakaanza kutembea. Fundi akamfungua kifungo kimoja, akamfunga vizuri, akampangusa vumbi begani, kisha akapitisha mkono wake katika mkono wa mumewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

Karibu na mlango wa kutokea, hatua za mumewe zilipungua. Kisha akasimama. Aliutazama ule mkono uliomshika, halafu akainua macho na kumtazama mkewe usoni, taratibu, kama yeye alivyotazamwa asubuhi akiwa na pasi mkononi. Mlango wa kioo ulifunguka wenyewe, ukawasubiri, ukajifunga.