Wimbo wa Kungojea Nyama

Kwa miaka sita Imogen Pascoe, tunayemwita Immo, alikuwa mwanamuziki atakayevuma mwakani. Mimi humpigia kinanda. Sipendi kutazamwa, kwa hiyo hukaa nyuma ya ngoma.

Alhamisi ile Philippa Stroud, anayechagua wanamuziki wa tamasha la kiangazi, alikubali kuja kumsikiliza kwenye baa ya Trevor, hapa Thornbury. Asipomtaka, Jumatatu Immo angeanza kazi ya mapokezi kwa shangazi yake, daktari wa meno kule Bendigo. Blauzi ya kazi alishanunua.

Tatizo ni kwamba Alhamisi ndiyo siku ya bahati nasibu ya nyama: wateja hununua tiketi, Trevor hutaja namba, na kila mshindi huondoka na sinia la nyama.

"Trev, leo tu ichezeshe nikishamaliza," Immo alimwomba.

"Nyama haisogei, mwanangu. Muziki ndio unaosogea."

"Kuna mgeni wangu."

"Na hawa ni wageni wa mbavu za kondoo. Sisemi kwa ubaya."

"Najua."

Tulianza. Watu waliongea. Bi Lorna wa meza ya mbele alituomba tupunguze sauti kwa sababu hamsikii mumewe, ingawa mumewe hakuwa akisema neno. Philippa alikuwa mlangoni, koti hajavua.

Katikati ya wimbo wa tatu Trevor alipanda, akachukua kipaza sauti cha Immo. Baa nzima ikanyamaza, kila mtu na tiketi yake mkononi. Akataja namba. Hakuna aliyeitika.

Desturi ya pale ni kwamba mshindi hutafutwa kwanza, asije akanyang'anywa nyama yake kwa kuwa yuko nje anavuta sigara. Trevor akaenda uani. Watu wakabaki kimya, wakichelea kupitwa na namba itakayofuata.

Immo aliutazama ukimya ule. Kisha akaanza wimbo mpya, ule wa mama yake anayefagia chumba kisicholalwa na mtu. Aliimba polepole, karibu kunong'ona. Nilibonyeza vitufe vichache tu, nikiogopa kuharibu. Hakuna aliyekohoa. Trevor alirudi na mshindi, wakasimama mlangoni hadi mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Mikono ilikuwa na tiketi. Bi Lorna alijifuta macho kwa yake.

"Haya Trev," alisema, "namba."

Sinia la pili alishinda Philippa, ambaye hali nyama. Alikuja nalo hadi jukwaani.

"Februari," akamwambia Immo. "Jukwaa dogo, saa nane mchana. Jua litakuwa kali."

"Asante."

"Kule watu hawanyamazi hivi, nakwambia mapema."

Immo akauliza: "Naweza kuja na Trev?"

Philippa alimkabidhi sinia lake la soseji, akaenda zake.

Usiku Immo alimpigia shangazi yake. Shangazi hakuuliza habari za tamasha. Aliuliza blauzi itakuwaje.

Immo aliivaa Februari. Kwa nyuma, nilikokaa mimi, ilimkaa vizuri sana.