Watoto wa Kibiriti

Fundi miwani alikuwa na mbwa jike aitwaye Pambe, wa aina ya pagi, halisi mwenye hati ya ukoo, uso bapa kama aliyejigonga mlangoni. Pambe alilala nyuma ya pazia la duka, akikoroma hata wateja waliokuwa wakisomeshwa herufi ukutani wakauliza, "Mzee kachoka leo, eh?" Fundi, ambaye hakuwa na mzee yeyote, alicheka. Ila siku za joto kicheko hakikuja. Pambe alivuta hewa kama anayevuta maji kwa mrija ulioziba.

Ndipo wifi yake, mke wa kaka yake, alipoingia na mbwa wake dume, chiwawa, kwapani. Huyo naye alikuwa na hati. Aliitwa Kibiriti kwa udogo wake, na kwa namna alivyowaka.

"Wifi, dawa nimeipata. Tumpandishe Pambe kwa Kibiriti. Watoto watachukua pua ya baba na upole wa mama."

"Na wakichukua pua ya mama na hasira za baba?"

"Ah, wifi nawe! Mbona unaleta nuksi mapema?"

Fundi akaona neno la wifi lina maana. Kesho yake akamwendea katibu wa chama cha wafugaji wa mbwa halisi, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Alipoelezwa, alivua miwani. "Utachafua jamii mbili kwa mkupuo mmoja! Watu wameitunza damu hiyo vizazi na vizazi."

Fundi akaona la Mwalimu nalo lina maana. Lakini chini ya kiti cha Mwalimu alilala pagi wake mwenye nishani, ulimi nje, akihema kwa shida kuliko Pambe. Damu imetunzwa hivi? Alitaka kuuliza, heshima ikamfunga mdomo. Akarudi dukani kichwa kimemvurugika, akakaza skrubu ya miwani ya mteja hadi ikakatika.

Wiki tatu zilipita hivyo. Kila aliyemuuliza alikuwa na haki mpaka alipompa kisogo. Mwishowe akamwambia wifi, "Twende kwa daktari wa wanyama. Akiruhusu, mimi sina neno."

Daktari, mwanamke wa maneno machache, alimlaza Kibiriti mezani na kumkunja mguu wa nyuma. Kitu kikafanya *tik*.

"Pia ya goti inahama," alisema. "Huyu asizae."

"Unasema mwanangu kilema?" wifi aliruka. "Anapanda makochi!"

"Anapanda leo. Watoto wanaweza kurithi goti hili pamoja na pua ile. Kuchanganya hakuchagui mazuri tu."

"Kwa hiyo nitafute dume mwenye magoti mazima?" fundi aliuliza.

"Pengine. Lakini niambie kwanza, watoto unawatakia nini?"

"Ili wapumue vizuri."

"Na huyu?" Daktari alimwelekea Pambe, aliyekuwa sakafuni akikoroma macho wazi. "Pua ya mtoto haitamsaidia mama. Matundu yake tunaweza kuyapanua kwa upasuaji."

Fundi alimtazama Pambe. Wiki tatu nzima walikuwa wakizozana juu ya pua za watoto ambao hawajawahi kuwapo, na pua iliyokuwapo hakuna aliyeiuliza.

Pambe akapasuliwa, na siku hiyohiyo akafungwa kizazi. Baada ya siku kumi alipanda ngazi za duka bila kupumzika. Wifi hakuja kumjulia hali. Kaka mtu alipiga simu mara moja, akasema, "Dada, mimi msiniingize," akakata.

Miezi ikapita. Asubuhi moja wifi akatokea mlangoni, uso hauonyeshi amekuja kwa vita au kwa amani, na kikapu mkononi. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa, pua si fupi si ndefu, masikio hayajaamua pa kuelekea. Wifi alikuwa amempatia Kibiriti pagi mwingine, jike wa jirani yake.

Mtoto akaruka kikapuni, akazunguka duka kama upepo, akampandia Pambe mgongoni. Alipumua kimyakimya. Fundi hakuwahi kuona mbwa mzuri kama yule.

"Umeona?" wifi alisema. "Daktari wako huyo!"

"Walizaliwa wangapi?"

Wifi akashughulika na mkono wa kikapu. "Watatu. Mmoja hakuamka. Mwingine anachechemea kidogo, yuko kwa jirani. Anachechemea kidogo tu, wifi."

Fundi akamnyanyua mtoto. Moyo wa yule mdogo ulikwenda mbio kiganjani mwake. Alijaribu kukasirika, hasira isije. Akajaribu kufurahi, akamkumbuka yule anayechechemea. Kama angekubali siku ile, huyu angekuwa wa Pambe. Au angekuwa yule ambaye hakuamka.

"Basi, unamtaka au humtaka?" wifi aliuliza, sauti imeshuka.

"Sijui, wifi. Kweli sijui," alisema, na hakumrudisha kikapuni.